Sura ya Sita: Karatasi Iliyopaswa Kuungua

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Margareth alitaka kuiona karatasi kabla ya kumwona mtu yeyote.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ernest, aliitoa kabatini ndani ya bahasha ya kaki. Aliishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa chooni, akaiweka mezani na kurudi nyuma hatua moja.

"Bodi inakutana saa nane mchana," alisema. "Wajumbe watatu wanapanda kutoka Morogoro mjini. Wakifika wanataka jina la aliyevujisha mtihani, afande. Na jina walilonalo mpaka sasa ni la Madam Shadia."

"Wakilikubali jina hilo?"

"Anasimamishwa kazi leo hii. Faili linakuja kwenu na jingine linakwenda kwa mwajiri. Ana mwaka wa tatu tu kazini. Hatashika chaki tena."

Margareth alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa bado umekalia miteremko ya Uluguru, na migomba iliyo karibu na uwanja ilionekana nusu nusu. Alivuta kiti, akakaa, akaifungua bahasha.

Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja uliochanwa kutoka kwenye daftari kubwa. Juu yake palikuwa na maswali kumi ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa duara. Kila swali lilikuwa sentensi yenye pengo. Mtahiniwa alitakiwa kulijaza kwa kuchagua maneno yanayoonyesha lengo au yanayoonyesha sababu: "in order to", "so that", "because of", "due to". Swali la kwanza lilisema Mama Lukasi alikwenda Mikese, pengo, kununua mkaa. La pili lilisema barabara ya shuleni kwetu ilifungwa, pengo, maporomoko ya udongo.

"Kumi yote yako kwenye mtihani?"

"Kumi yote," alisema Mwalimu Ernest. "Mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, wa kujipima kabla ya ule wa taifa. Shule saba za huku milimani tunautunga pamoja. Kila somo linapewa mwalimu mmoja, na Kiingereza mwaka huu kilikuwa cha Shadia. Ulikuwa uanze Jumatatu ijayo. Sasa tumeusimamisha wote."

Koplo Issa, aliyekuwa dereva wa Margareth na mwandishi wake, alichungulia juu ya bega lake.

"Afande, la pili hapo unaweka nini?"

"Wewe ungeweka nini?"

"Mimi ningetafuta njia nyingine ya kwenda shuleni."

Margareth hakucheka. Alikuwa ameisogeza karatasi kwenye mwanga. Pembeni mwa maswali sita palikuwa na alama za penseli, nyembamba, zenye kuinama kulia. Mahali pengine neno lilizungushiwa duara. Mahali pengine lilikatwa na jingine likaandikwa juu yake. Penye swali la pili penseli iliandika kwa Kiingereza kwamba majibu mawili yanafaa, ondoa moja.

"Kuna watu wawili hapa," alisema. "Nani aliipata?"

"Mwalimu Castory. Mwalimu wetu wa taaluma."

*

Castory aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, akasalimia kwa heshima, akakaa bila kuambiwa.

"Miaka tisa," alisema kabla ya kuulizwa chochote. "Miaka tisa Kiingereza cha shule saba nimetunga mimi. Mwaka huu wakasema wanataka damu changa. Nikasema sawa. Damu changa ndiyo hiyo mezani."

"Uliipataje?"

"Kila Jumatatu nakagua madaftari. Yanaletwa ofisini kutoka kwa walimu, mimi nachukua matano ya juu katika kila rundo, naangalia kama yamesahihishwa. Daftari la kwanza la kidato cha nne B lilikuwa la Shukuru. Nikalifungua, karatasi ikaanguka."

"Kila wiki unachukua ya juu?"

"Ya juu. Nina mikondo minane, mama, sina muda wa kuchimba mpaka chini."

"Na walimu wanajua hivyo?"

Castory alitabasamu kidogo. "Wanajua. Ndiyo maana ya juu huwa yamesahihishwa vizuri."

"Shukuru ni nani?"

"Nahodha wa netiboli. Madam Shadia ndiye kocha wao. Binti haondoki mlangoni kwa Shadia. Jumlisha mwenyewe."

"Wikiendi iliyopita ulikuwa wapi?"

Tabasamu likatoka. "Naulizwa mimi?"

"Aliyenyang'anywa kazi ya miaka tisa lazima aulizwe, mwalimu. Ungekuwa mimi usingeuliza?"

Castory alitoa simu. Ijumaa mpaka Jumapili alikuwa Dumila, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Alikuwa na picha ishirini na kitu, nyingi zikimwonyesha yeye mwenyewe karibu na keki. Jumapili alilala mjini, na Jumatatu alipanda mlima ndani ya gari la mkuu wa shule. Mwalimu Ernest alithibitisha: walifika saa nne, wakakuta marundo tayari mezani, na Castory alianza kukagua mbele yake kabla madaftari hayajarudishwa kwa wanafunzi.

"Wanafunzi walikusanya madaftari lini?"

"Alhamisi iliyopita jioni," alisema Castory. "Ofisini hakuna umeme wa uhakika, kwa hiyo walimu wanasahihishia nyumbani. Rundo la nne B lilikwenda kwa Madam Jesca. Yeye ndiye anayefundisha B. Shadia anafundisha A."

"Nao wanakaa wapi?"

"Pamoja. Nyumba ya walimu, ile ya bati jekundu pale juu."

Margareth aliandika mistari miwili kwenye daftari lake. Shukuru hakuwa na daftari lake tangu Alhamisi, basi hakuiweka yeye. Castory hakuwa mlimani, basi naye hakuiweka. Karatasi iliingia daftarini ndani ya nyumba yenye bati jekundu.

"Issa," alisema, "twende juu."

*

Shadia alikuwa amekaa kizingitini na ushungi mweusi, mikono imelala mapajani. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na sita. Hakuwa ameruhusiwa kuingia darasani tangu Jumatatu. Aliposimama kuwapokea alisahau kandambili moja, akaikanyaga pembeni bila kuiona.

Sebuleni palikuwa na meza moja, viti viwili, na picha ukutani ya wasichana wawili wenye majoho ya mahafali. Mmoja alikuwa Shadia. Mwingine, mrefu zaidi, alimshika bega.

"Huyu ni Jesca?"

"Ndiyo. Tulisoma chuo kimoja. Yeye alinitangulia mwaka mmoja, lakini tulihitimu pamoja kwa sababu aliugua. Akapangiwa hapa, mimi nikaomba kumfuata."

Margareth aliweka karatasi mezani. "Mwandiko huu?"

"Wangu."

"Penseli?"

"Ya Jesca."

Alijibu mara moja, bila kutafakari, na Margareth alimtazama usoni kwa muda.

"Mtungaji haruhusiwi kumwonyesha mtu mwingine mtihani."

"Najua, afande." Sauti ilikuwa ndogo. "Lakini maneno haya ya lengo na sababu yananichanganya. Kufundisha nafundisha, ila nikikaa kutunga, nikiweka machaguo manne, naona mawili yote yanafaa. Nikamuuliza Jesca. Yeye hata hafikirii. Ananiambia hapa panataka tendo, hapa panataka jina, hapa watakulaumu, ondoa. Alikuwa anapepeta mchele huku ananijibu."

"Ulimwuliza mangapi?"

Shadia aliitazama karatasi. "Haya sita. Na mengine kwenye kurasa ambazo hazipo hapa."

"Kwenye fomu ya utunzi kuna jina la nani?"

"Langu."

"Peke yako?"

"Fomu ina nafasi ya jina moja."

Issa aliacha kuandika, akamtazama bosi wake, akaendelea.

"Rasimu hizi zilitakiwa ziende wapi?"

"Zichomwe. Nilisaini mjini Ijumaa nilipokabidhi mtihani. Nilisaini kwamba nimeziteketeza kwa mikono yangu." Alitazama upande wa jikoni. "Sikuziteketeza mimi. Niliondoka hapa Ijumaa saa kumi na moja alfajiri na lori la kabichi. Nilizifunga kwenye mfuko wa rambo, nikaziacha pale karibu na mlango wa jikoni. Hapa tunapika kwa zamu za wiki, na ile ilikuwa wiki ya Jesca. Anayepika ndiye anayewasha jiko. Nikamwambia ukiwasha, zianzie hizo."

"Akasema?"

"Akasema sawa."

"Ulirudi lini?"

"Jumapili jioni. Nikamuuliza, akasema zimeungua zote."

"Madaftari ya B yalikuwa wapi ulipofika?"

"Hapo mezani, yamefungwa kamba."

"Kwa nini hukuyasema haya Jumatatu?"

"Niliyasema ya safari. Ya mfuko sikuyasema." Alikuwa anaivuta ncha ya ushungi. "Nikisema nilimwachia Jesca, watamwita na yeye. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesaini. Labda karatasi moja ilidondoka ikaingia kwenye madaftari. Nyumba yenyewe ndogo hii."

Margareth aligeuka kwenye mlango wa nyuma. Jiko la kupikia lilikuwa kibanda cha mabanzi nje, kisicho na kufuli. Ndani mlikuwa na jiko moja la mkaa, sufuria tatu, na mtungi wa gesi. Issa aliunyanyua mtungi kwa kidole kimoja.

"Mweupe," alisema.

"Uliisha mwezi wa pili," alisema Shadia. "Tunatumia hilo la mkaa tu."

Margareth alichuchumaa. Kwenye kikono cha jiko palikuwa na nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu.

"Hii ya nini?"

"Alama yetu. Huku ukiwa na msiba au sherehe, vyombo vya jirani vinachukuliwa. Usipoweka alama unarudishiwa cha mwingine."

*

Jesca alitoka darasani saa nne na nusu, chaki mkononi, akaja mpaka chumba cha maktaba ambako Margareth alikuwa amehamia. Alikuwa mrefu, mwenye uso mzuri na namna ya kuongea iliyonyooka. Alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, akakaa.

"Nasikitika sana, afande. Shadia ni kama mdogo wangu."

"Naamini. Unasahihisha vipi madaftari, mwalimu?"

Swali lilimshangaza. "Nasahihisha, napanga kwa namba za kwenye rejesta, nafunga kamba."

"Namba moja juu?"

"Namba moja juu."

"Shukuru ni namba ngapi?"

Chaki iligeuka kati ya vidole vyake. "Arobaini na kitu. Sikumbuki."

"Arobaini na tatu, imeandikwa kwenye jalada la daftari lake. Jumatatu lilikuwa la kwanza."

"Labda kamba ilikatika, wanafunzi wa zamu wakayapanga upya."

"Labda," alisema Margareth, akageuza ukurasa. "Niambie kuhusu mfuko wa rasimu."

Jesca alimtazama. "Shadia amesema?"

"Amesema alikuachia."

"Basi ndiyo, aliniachia. Nilitaka kumsitiri, kwa kuwa alisaini amechoma mwenyewe. Nikazichoma zote. Kama ukurasa mmoja umebaki, basi yeye aliutoa kabla hajaufunga mfuko. Mimi sikuhesabu."

"Ulizichoma lini?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya msiba wa mzee Bonifasi, jirani yetu. Nilitoka darasani, nikapita nyumbani kuoga, ndipo nikaenda msibani. Nikalala huko huko na wanawake wengine, tukazika Jumamosi."

"Ulioga maji baridi?"

"Huku? Baridi hii?" Jesca alicheka kidogo. "Niliwasha jiko, nikachemsha maji. Karatasi ndizo zilizowashia mkaa. Niliona zikiungua mpaka ya mwisho."

"Jiko lenu la mkaa."

"Tunalo moja tu, afande."

"Andika, Issa. Ijumaa, saa sita, jiko la mkaa, maji ya kuoga." Margareth alimsukumia Jesca karatasi. "Soma, kama ni sawa weka sahihi."

Jesca alisoma. Alirekebisha herufi moja ya Issa, akasaini.

Alipofika mlangoni Margareth alimwita. "Mwalimu. Orodha ya watunzi ilipotoka, ulitegemea kuwemo?"

Jesca hakugeuka mara moja.

"Kila mtu alitegemea niwemo," alisema. "Hata Shadia."

*

Nyumba ya marehemu Bonifasi ilikuwa hatua mia moja kutoka ile ya walimu, upande wa juu wa njia. Turubai lilikuwa limeshaondolewa, lakini mawe ya mafiga yalikuwa bado yamepangwa uani. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Majirani walimwita Mama Severini, na kwa maelezo ya Mwalimu Ernest yeye ndiye aliyesimamia vyombo vya msiba.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Lafudhi yake ilikuwa ya Kiluguru, polepole, maneno yakipanda mwishoni. Alilitazama gwanda la Issa. "Na wewe baba, kaa. Polisi hawakai?"

"Wanakaa wakialikwa, mama," alisema Issa, akavuta kigoda.

"Vyombo vya walimu mlivichukua?" aliuliza Margareth.

"Jiko lao na sufuria ya lita ishirini. Wale watoto wazuri, hawana choyo."

"Mliomba kwa nani?"

"Kuomba?" Mama Severini aliacha kusugua. "Mtu amekufa, wewe unakwenda kuomba? Unaingia jikoni kwa mwenzio unachukua. Mzee alikata roho alfajiri. Jua limeshapanda, mimi na shemeji yangu tukazunguka nyumba zote hizi. Kwa walimu hakukuwa na mtu, wote wameshuka shule. Nikabeba mwenyewe, na majivu yake ya jana. Yakanimwagikia kwenye khanga."

"Siku gani hiyo?"

"Ijumaa. Alikufa Ijumaa, akazikwa Jumamosi."

"Saa ngapi ulilibeba?"

"Kengele ya shule ya mapumziko ilikuwa haijalia. Saa tatu, saa tatu na nusu."

"Lilirudi lini?"

"Jumamosi jioni, watu wameshatoka makaburini. Nililirudisha mimi, nikaliweka pale pale. Lina alama nyekundu kwenye kikono, huwezi kukosea. Kuna kitu kimepotea?"

"Hapana, mama. Madam Jesca alijua kwamba mmelichukua?"

Mama Severini alifikiri. "Ajue vipi? Alikuja kwetu saa saba moja kwa moja kutoka shule, na madaftari ya kufundishia kwapani. Akala, akakaa ndani na wafiwa mpaka maziko, kwenye majiko hakufika. Siku ya msiba, mwanangu, majirani hawapiki. Ukiona moshi nyumba ya jirani siku hiyo, huyo ana lake."

Waliposhuka, Issa alisimama kwenye geti la shule.

"Afande, alikuwa na uwongo mwingi wa kuchagua," alisema. "Angesema tu alizichoma Jumapili."

"Jumapili Shadia alikuwa amerudi. Angeulizwa mbona hakuona. Alichagua Ijumaa kwa sababu ndiyo siku aliyoagizwa, na hakujua kwamba jikoni kwake mlikuwa mtupu."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Pikapu nyeupe ya wajumbe wa bodi ilikuwa imeshaegeshwa kivulini.

*

Safari hii Jesca hakusema shikamoo. Aliiona karatasi yake yenye sahihi ikiwa mezani kando ya bahasha ya kaki, akakaa taratibu.

"Mwalimu," alisema Margareth, "jiko lenu liliondoka nyumbani Ijumaa saa tatu asubuhi. Lilirudi Jumamosi jioni. Mama Severini alilibeba mwenyewe. Saa sita mchana wewe hukuwa na mahali pa kuwashia kiberiti."

Jesca aliivuta karatasi yake, akaisoma tena.

"Hukurudi nyumbani mchana ule. Hukuoga. Mfuko ulikuwa pale pale mlangoni mpaka uliporudi kutoka makaburini. Kurasa nyingine sijui ulizifanyaje, nadhani ulizichoma Jumamosi hiyo jioni. Huu mmoja ukauacha. Ukauweka kwenye daftari la mtoto anayempenda Shadia, ukaliweka daftari juu, kwa kuwa unajua Castory anachukua ya juu."

Nje, kengele ya chakula ililia na miguu mingi ikakimbia. Jesca aliisikiliza mpaka ikaisha.

"Ningesema nini?" alisema.

"Anza na sababu."

"Sababu umeiona." Alinyoosha kidole kwenye bahasha ya kaki bila kuigusa. "Hizo penseli. Mwezi mzima. Jesca, hapa niweke hili au hili? Jesca, hili si sawa na lile? Mimi nikamwambia yote, na jinsi ya kumtega mtahiniwa pia nikamwambia. Halafu, wiki moja kabla ya kukabidhi, akarudi kutoka kikao cha mjini, akaniambia wamemsifu. Wamesema sehemu ya maneno ya lengo na sababu haijawahi kutungwa vizuri hivyo. Akaniletea na chapati kutoka mjini, za kunishukuru." Aligeuza uso. "Nilizila. Zilikuwa tamu. Nikalala na hasira."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Angelia. Shadia akilia watu wanamkimbilia. Tangu chuoni. Mimi nilikuwa namwandikia insha, wahadhiri wanamwambia Shadia una kipaji. Nikaugua mwaka mzima, nikarudi nikamkuta amenifikia. Nikaja huku, akanifuata. Kila ninapokaa anakuja kukaa, na yeye ndiye anayeonekana."

"Hiyo ni sababu," alisema Margareth. "Sasa lengo. Ulitaka apatwe na nini?"

Issa aliinua kalamu. Jesca alipangusa vumbi la chaki vidoleni.

"Atolewe kwenye orodha ya watunzi," alisema hatimaye. "Basi. Nilifikiri wataita kikao, watamkaripia, watamtoa jina. Halafu wataniuliza mimi. Sikujua wataita polisi. Sikujua habari ya kufukuzwa."

"Jumatatu ulijua. Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na leo asubuhi umesema huenda yeye aliutoa ukurasa kabla ya kufunga mfuko."

Jesca alishusha kichwa. Machozi yalidondoka mezani, mawili, akayafuta haraka kwa kiganja kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ndiyo," alisema.

"Utaandika haya mwenyewe, kwa mwandiko wako. Nikiwa na maelezo yako mkononi saa nane, Shadia anabaki mwalimu. Bila hayo nina ushahidi wa jiko tu, na bodi ina sahihi ya Shadia kwenye fomu."

Margareth aliweka kalamu mbele yake. Jesca aliitazama. Kupitia dirishani aliweza kumwona Shadia akivuka uwanja kuelekea ofisi ya mkuu wa shule, peke yake, ameshika ushungi ili upepo usiuchukue. Wanafunzi waliokuwa wanakula walisimama kumpisha. Wasichana wawili walimwamkia.

Jesca alimwangalia mpaka mlango ukafungwa.

"Ona," alisema. "Hata leo."

Kisha akachukua kalamu.

*

Kikao kilichukua saa moja na robo. Margareth alisoma maelezo, akajibu maswali manne, akakaa kwenye kiti cha ukutani kusikiliza yaliyobaki. Alipotoka, Jesca alikuwa ndani ya gari la polisi kiti cha nyuma, bila pingu, khanga mabegani. Issa alikuwa amemnunulia ndizi mbili. Hakuwa amezigusa.

Margareth aliketi mbele, akafunga mlango.

"Amebaki?" aliuliza Jesca.

"Amebaki. Amepewa barua ya onyo kwa kusaini kiapo ambacho hakukitekeleza."

"Na orodha?"

"Hayumo tena. Aliomba mwenyewe atolewe."

Jesca alisogea mbele. "Mwenyewe?"

"Mwenyekiti alimwambia atunge mtihani mwingine, awe ameukabidhi Jumamosi. Akasema hawezi. Akasema nusu ya ule wa kwanza ilikuwa yako, na kwamba anayejua kuchagua maneno yale ni wewe, si yeye."

"Alisema hivyo mbele ya bodi?"

"Mbele ya wote. Katibu ameandika kwenye kumbukumbu za kikao."

"Jina langu?"

"Jina lako. Alilitaja mara mbili."

Jesca alivuta khanga usoni, na kwa muda mabega yake yalitikisika bila sauti. Issa aliwasha gari, akaliacha lingurume mahali pale pale, akitazama kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na kitu cha kutazama. Baadaye Jesca alishusha khanga. Macho yalikuwa mekundu.

"Sasa anatunga nani?"

"Mwalimu Castory. Ndiye aliyebaki."

Gari lilitoka getini na kuanza kushuka kona ya kwanza. Jesca aligeuka kutazama bati jekundu la nyumba ya walimu mpaka migomba ilipolifunika.

"Castory," alisema. Alikuwa ameshika ndizi moja mkononi na kuiminya bila kujua. "Huyo ataweka 'due to' kila mahali, afande. Kila mahali. Na watampigia makofi."